Breki ya mbele kwenye utelezi: usikubali ilegezwe

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naendesha bodaboda hapa Tukuyu, pikipiki yangu ni Boxer 150. Tangu mvua zianze, nikishuka mteremko nikakanyaga breki, tairi la nyuma linahama upande na pikipiki inataka kulala. Nimeshaanguka mara mbili, moja nikiwa na abiria. Wenzangu kijiweni wanasema nilegeze kabisa breki ya mbele nisije nikaikamata kwa bahati mbaya, kisha nipunguze upepo tairi zote mbili. Itasaidia? Na matuta na vidaraja vya mbao nivivukeje vikiwa vimeloa?

JIBU: Marahaba. Usilegeze breki ya mbele, na aliyekushauri hivyo usimsikilize tena kwa jambo lolote linalohusu breki. Swali hili linanifikia kila masika na kila vuli, na karibu kila mara maelezo ni kama yako: linalohama ni tairi la nyuma, lakini linalohukumiwa ni la mbele.

Ukikamata breki, uzito wa pikipiki, wako na wa abiria unasukumwa mbele. Kwenye mteremko uzito ulishaegemea mbele hata kabla hujagusa kitu. Kwa hiyo tairi la mbele linakandamizwa barabarani na la nyuma linabaki jepesi. Ukilikanyagia breki yote hilo jepesi, linaacha kuzunguka huku pikipiki ikiendelea kwenda. Tairi lisilozunguka halishiki njia, linafuata mwinamo wa barabara, na barabara nyingi zimeinama kuelekea mtaroni. Hicho ndicho kilichokuangusha. Ukiondoa breki ya mbele utalazimika kukanyaga ya nyuma kwa nguvu zaidi, na litahama mapema zaidi.

Breki ya mbele inaangusha hasa kwa namna mbili: ukiikamata kwa mpigo mmoja, au ukiikamata huku usukani umekatwa au pikipiki imelala kwenye kona. Ukiikaba ghafla, tairi linafunga kabla uzito haujafika mbele kulikandamiza. Kwa hiyo tumia vidole viwili au vitatu, na uiminye taratibu kama unavyokamua chungwa: kwanza iguse, subiri shokapu za mbele zianze kushuka, ndipo uongeze nguvu. Ya nyuma ikanyage kidogo wakati huohuo. Pikipiki iwe wima na usukani umenyooka. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, tairi la mbele limeanza kufunga. Legeza vidole papo hapo, kisha minya upya. La nyuma likianza kuhama kidogo, punguza mguu na uangalie mbele unakokwenda, usiangalie mtaro. Ila kwenye lami, kama limeshahama sana, usiachie mguu kwa mkupuo, kwa sababu likishika tena ghafla pikipiki itakurusha upande wa pili.

Mgawo wa breki hubadilika kufuatana na njia. Kwenye lami iliyoloa, ya mbele bado inafanya kazi kubwa kuliko ya nyuma. Kwenye moramu yenye kokoto zinazoviringika, zote ziwe nyepesi. Kwenye tope jekundu la huko Rungwe, lile linalojaza mifereji ya tairi mpaka halina meno tena, ya mbele iwe ya kugusa tu na kazi kubwa ifanywe na injini. Shuka na gia ya kwanza au ya pili uliyoiingiza ukiwa bado juu ya kilima. Ukiingiza gia ndogo katikati ya mteremko, achia klachi polepole, maana ukiiachia kwa mkupuo tairi la nyuma linafunga vilevile kama umelikanyagia breki. Na wanaoshuka na frii ili kubana mafuta wanajinyang'anya breki ambayo haifungi tairi kirahisi, kwa akiba ya mafuta isiyozidi kijiko.

Mwendo ndio unaoamua kama yote haya yatakusaidia. Kutoka kilomita 40 kwa saa kwenda 60, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara mbili na robo, na hiyo ni kwa barabara ileile. Ikiloa unazidi tena. Dakika za mwanzo za mvua baada ya jua la siku nyingi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu vumbi, oili na dizeli iliyodondoka inapanda juu ya maji kabla haijaoshwa. Barabara yenu ya Uyole hadi Kasumulu ina malori mengi, kwa hiyo ukiona rangi za upinde kwenye lami iliyoloa, pita pembeni yake. Katikati ya njia, kati ya mikanyago miwili ya magari, ndipo oili inapodondokea. Pita kwenye mkanyago wenyewe.

Kuhusu upepo: hapana. Ukipunguza upepo kwenye lami iliyoloa, mifereji ya tairi inabanana na haitoi maji vizuri. Ukigonga tuta au shimo, rimu inabana tyubu na kuipasua. Tairi likilegea sana linaweza kuzunguka juu ya rimu na kung'oa mdomo wa tyubu, upepo ukatoka wote kwa mara moja. Fuata kitabu cha pikipiki. Kwa pikipiki za aina yako mbele huwa 25 PSI hivi, nyuma 28 ukiwa peke yako na kama 32 ukiwa na abiria. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, tena kwa geji, usiminye kwa kidole.

Matuta, rasta na vidaraja vinafuata kanuni moja: breki imalizike kabla ya kufika. Ukipanda tuta ukiwa bado umeshika breki ya mbele, shokapu zimeshabonyea, hazina nafasi ya kumeza kishindo, na tairi lililobanwa linateleza juu ya rangi ya tuta. Punguza mwendo mapema, achia breki, inuka kidogo kwenye vikanyagio huku magoti yamebana tangi, kisha ongeza mafuta kidogo sana na upite ukiwa umenyooka. Kwenye mbao zilizoloa usikate kona, usikamate breki wala usivute mafuta. Pikipiki ipite kwa mwendo iliyokuja nao. Kama mbao zimelala kufuata njia na zina mwanya, chagua ubao mmoja kabla hujaingia na usihame. Mfuniko wa chemba na mistari ya pundamilia uvipe heshima hiyohiyo.

Ukivuka maji yaliyofunika rimu, breki za dramu, zile zinazobana kwa ndani katikati ya gurudumu, zinalowa na hazishiki. Ukitoka upande wa pili, tembea polepole ukiwa umezigusa zote mbili kwa mita 50 hivi mpaka usikie zinashika. Wengi hugundua hili kwenye mteremko unaofuata.

Kuna jambo hukulitaja, nalo ni mzigo. Mikungu ya ndizi ikifungwa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma inainua sehemu ya mbele, na hapo usukani na breki ya mbele vinakosa uzito kweli. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, inafanya vilevile. Baadhi ya wanaoapa kwamba breki ya mbele ni mbovu walikuwa wamebeba namna hii. Sogeza mzigo mbele na uushushe chini, na kwenye kipande cha tope tupu mshushe abiria atembee.

Lililobaki linawahusu wote wanaopeleka pikipiki kwa mafundi wa njia ya mkato. Wapo wanaochonga tairi lililoisha kashata, yaani meno, kwa kisu cha moto na kuliuza kama zima. Mifereji hiyo imekatwa kwenye mpira mwembamba uliobaki juu ya nyuzi, na likipasuka kwenye mteremko hakuna ujuzi utakaokuokoa. Wapo wanaoosha pikipiki na kupaka tairi oili au kiwi ing'ae mpaka sehemu inayokanyaga barabara. Hata tairi jipya halali lina utelezi wa kiwandani, kwa hiyo kilomita 100 hivi za kwanza endesha kwa upole. Na wapo wanaofungua kebo ya breki ya mbele na kukurudishia pikipiki wakisema sasa ni salama.

Kama yako imeshaguswa, irudishe leo. Nati ya kebo ikazwe mpaka ncha ya mkono wa breki icheze milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kushika. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, inua tairi la mbele na ulizungushe: lisikwaruze popote, na ukiminya mkono lisimame. Kisha tafuta uwanja mkavu wa moramu ngumu usio na watu, bila abiria. Nenda kilomita 20 kwa saa na usimame kwa breki ya nyuma peke yake, hesabu hatua ulizotumia. Rudia kwa zote mbili ukiminya ya mbele taratibu, uhesabu tena. Ukizoea, panda hadi 30, kisha rudia zoezi zima siku ambayo uwanja una unyevu kidogo.