Uliza Fundi: Beringi imezunguka, pesa ziende wapi?

SWALI: Mzee, habari za kazi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, injini EJ205, gia za mkono. Juzi tukirudi kutoka Naivasha na wenzangu, tukimaliza kupanda ule mlima wa Mai Mahiu, taa ya oili iliwaka na injini ikaanza kugonga. Fundi ameifungua: beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya silinda ya tatu imezunguka mahali pake. Nimeweka kando laki tatu na nusu. Duka moja la Kirinyaga Road linaniambia ninunue pistoni za foji (za chuma kilichofuliwa), konrodi za foji na tabo kubwa kidogo, "ufanye kazi mara moja". Broka mwingine anasema niitupe hii nichukue injini ya ex-Japan, iliyotumika Japani. Gari ni la kwenda kazini, wikendi kidogo, na Krismasi nashuka Mombasa. Nataka kama farasi 300. Nianze na nini? – Wa South B

JIBU: Habari ni njema, ndugu, na asante kwa kuniambia gari linafanya kazi gani. Wengi hunitumia orodha ya spea bila kusema wanaenda nazo wapi.

Injini yako haikuuawa na pistoni. Imekosa oili, hata kama ni kwa sekunde chache, na huyo wa Kirinyaga Road hajakutajia kitu hata kimoja kinachohusu oili. Kabla hujatoa senti, mwambie fundi afungue sampu (bakuli la oili chini ya injini) akuonyeshe bomba la kunyonyea oili. Kwenye hizi injini za Subaru za EJ bomba hilo hupasuka pale shingoni lilipochomewa, ufa mwembamba kama unywele. Lishike chini ya taa, lipinde kidogo kwa vidole. Likiwa na ufa, pampu inavuta hewa pamoja na oili, na kwenye mlima mrefu oili ikiwa imepungua, beringi ndiyo inayolipa deni. Weka bomba jipya lililoimarishwa hata kama la zamani linaonekana zima.

Pampu ya oili nunua mpya, jenuini. WRX nyingi zilikuja na yenye gia ya ndani ya unene wa milimita 10. Wewe weka ya milimita 11, ile ya STI, ndugu yake WRX mwenye nguvu zaidi. Kabla haijafungwa, geuza utazame skrubu za bamba la nyuma. Huwa zinalegea. Zitoe, zipake gundi ya nyuzi, zirudishe. Kazi ya dakika chache, na nimeona mafundi wazuri wakiiruka.

Kipoza oili kitupwe. Hakioshwi. Beringi inapozunguka husaga chuma kikawa unga, na unga huo hulala ndani ya mikunjo ya kipoza hadi siku unapowasha injini mpya. Kama hedi zako zina AVCS (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kwa presha ya oili), toa pia vile vichujio vidogo vilivyo ndani ya boliti za bomba za oili, maana kimoja hulisha tabo. Tabo yenyewe ifunguliwe na kuoshwa kabla ya kurudi.

Sasa krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Ipimwe kwanza, isichongwe kwanza. Shingo yake inayoshika konrodi ni milimita 52, na kwa gari la barabarani lenye tabo napenda nafasi ya oili iwe karibu milimita 0.05. Fundi aweke uzi wa Plastigage, uzi laini wa kupimia nafasi, juu ya shingo, akaze konrodi kwa tokiwenchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kama anavyofunga siku ya mwisho, afungue, alinganishe upana wa uzi uliobanwa na karatasi yake. Nenda ukiwa na macho yako. Fundi anayekuambia "hiyo ni sawa, nimeisikia kwa mkono" mlipie chai uondoke. Ikiwa shingo ya tatu imelika, mimi hutafuta krenki nyingine nzima, kwa sababu kama krenki imetiwa ugumu juu juu tu, ukiichonga unafika kwenye chuma laini. Konrodi ya silinda hiyo usiirudishe: tundu lake la chini limepata joto na haliko duara tena. Tafuta nyingine ya aina hiyo hiyo yenye uzito sawa na wenzake watatu.

Umeona tumefika wapi bila kugusa pistoni?

Gari hili lilitoka Japani likiwa na farasi 250. Kukaribia 300 unahitaji ekzosi inayopumua, intakula (kipoza hewa ya tabo) safi na tyuni, yaani kupangwa upya kwa kompyuta, ya mtu anayejua. Pistoni na konrodi zako za kiwandani zinabeba hilo zikitunzwa. Kinachozivunja ni mlipuko wa mapema ndani ya silinda, na huo hauangalii bei ya pistoni. Za foji huvumilia zaidi, kweli, lakini zikigongwa kila siku nazo zitakwisha.

Ukisisitiza foji, uliza aloi kabla ya kuuliza rangi ya boksi. Ya 4032 ina silikoni nyingi, kiasi cha asilimia 12, kwa hiyo haitanuki sana na inakaa karibu na ukuta wa silinda. Ya 2618 ina silikoni kidogo sana, ni ngumu kupasuka, lakini hutanuka, hivyo hufungwa ikiwa na nafasi kubwa. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi utaisikia ikigonga mpaka injini ipate joto, na ringi huchoka mapema. Hiyo ni pistoni ya gari la mashindano. Subaru ilipochukua Safari Rally mwaka 1997 na 2000, zile injini zilikuwa na timu nzima ya kuzihudumia. Yako inahudumiwa Jumamosi moja moja. Chukua 4032 au baki na za kiwandani.

Na usinunue pistoni yoyote kabla bloki haijapimwa. Silinda ya EJ20 ni milimita 92. Ikitaka kuchongwa, kuna pistoni za 92.25 na 92.5. Watu hununua za 92 kwa sababu zimepatikana kwa bei, kisha silinda zinakutwa zimelika, wanaanza kutafuta wa kuwauzia. Uliza pia kama karakana ina bamba la kukazia, lile linalofungwa juu ya bloki badala ya hedi wakati wa kusugua silinda, kwa sababu boliti za hedi zikikazwa silinda hubadilika umbo. Si wote Industrial Area wanalo. Zunguka mpaka umpate mwenye nalo.

Ringi zije na pengo la kusahihishwa kwa mkono. Ingiza ringi ndani ya silinda, isukume kwa pistoni iliyogeuzwa kichwa chini ili ikae sawa, pitisha fila geji (vibamba vya kupimia nafasi) kwenye pengo. Kwa silinda ya 92 na tabo yenye nguvu kama yako, pengo la ringi ya juu huwa kati ya milimita 0.40 na 0.46, lakini karatasi ya mtengenezaji ndiyo inayotawala. Likiwa dogo, ncha zitagusana zikipata joto, na kingo za pistoni zitang'oka. Kila silinda na ringi yake. Usiruhusu zichanganywe mezani.

Tabo kubwa iache. Hapa juu, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Tabo kubwa itachelewa kuamka kwenye foleni ya Mombasa Road, na hapo ndipo utakapokuwa siku tano za wiki.

Krismasi yako ndiyo inayonitia wasiwasi. Gari la WRX lilipimwa kwa petroli ya Japani ya okteni (uwezo wa kuhimili mlipuko wa mapema) karibu 100, na super yetu haifiki hapo. Kisha unashuka Mombasa: hewa nzito, joto, injini inameza hewa kuliko ilivyowahi kumeza Nairobi, na kompyuta inaingia sehemu za ramani yake ya petroli na cheche ambazo mtyunaji hakuzigusa akiwa huku. Mwambie wazi kwamba gari litashuka. Aache nafasi kwenye taimingi ya cheche, na tabo isukume kidogo chini ya uwezo wake. Pesa zilizobaki za pistoni za foji zilipie hii kazi.

Injini ya ex-Japan? Ni bahati nasibu yenye risiti. Ukiichukua, fungua sampu kabla ya kulipa, kata filta ya oili utazame kama inang'aa. Na beliti ya taimingi, tenshona na pampu ya maji vibadilishwe hata kama muuzaji anaapa. Beliti ikikatika valvu hukutana na pistoni.

SWALI: Baba, Forester yangu ya tabo inatoa moshi wa buluu nikiwasha asubuhi. Fundi anasema tabo imekufa. Ninunue nyingine? – Mama Wawili, Kitengela

JIBU: Usinunue bado, mama. Mwambie abadilishe kwanza valvu ya PCV inayotoa presha ndani ya injini, ni kitu kidogo. Ikiziba, presha hujaa ndani ya injini na oili ya tabo hukosa njia ya kushuka. Kisha atoe bomba la hewa, ashike shafti ya tabo kwa vidole. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Ikicheza mbele na nyuma, au visu vimekwaruza nyumba yake, hapo tabo imekwisha kweli.

SWALI: Mzee, nifunge valvu ya kelele ile ya "pshhh", inayomwaga hewa ya tabo nje, kwenye WRX? – Kijana wa Umoja

JIBU: Injini yako huhesabu hewa mlangoni. Ukiimwaga nje baada ya kuhesabiwa, kompyuta inaweka petroli ya hewa isiyokuwepo. Kila ukibadilisha gia gari linakohoa na plagi zinakuwa nyeusi. Rudisha ile ya kiwandani.