Roka za rola chini ya kava ya kiwandani: usikaze nati kwa kusikiliza mlio

Ndugu, weka funguo chini kwanza.

Umeandika kwamba una pikapu ya Chevrolet yenye injini ya V8 350 (silinda nane, inchi za ujazo 350), roka za rola (mikono ya kufungulia supape, yenye vigurudumu) za aluminiamu za uwiano wa 1.6 zimeshavuka mpaka wa Kasumbalesa, na Jumamosi unazifunga chini ya kava (vifuniko vya juu ya roka) zilezile za kiwandani. Unauliza kama zitaenea, na kama springi za supape (vali) na mafuta ya injini navyo vibadilishwe. Halafu mwishoni umetupa mstari mmoja ulionichoma: «Muuzaji amesema zikigonga kava kidogo nikaze nati kidogo.» Huo ndio ninaoujibu.

Huyo muuzaji angekuwa jirani yangu hapa Katuba, Lubumbashi, ningemfuata kwa miguu. Hao wanaouza kwa picha za simu hawajawahi kufungua kava yoyote. Na wale wa video wanafunga roka kwenye injini iliyo juu ya meza, haina kava, halafu wanapiga makofi.

Roka ya kiwandani ni bati lililokunjwa, na nati inayoishikilia kwenye stadi (bolti iliyosimama juu ya kichwa cha injini) ni fupi. Ya rola ni bonge la aluminiamu, pana, na nati yake ni ndefu, ina kiskrubu cha aleni ndani. Kava ilichorwa kwa ajili ya ile ya bati. Kwa hiyo vinagusana kwa njia mbili: kichwa cha nati kinagonga dari ya kava, au mgongo wa roka unakwaruza vile vibati vya kudondoshea mafuta na lile bati la kukinga lililo chini ya tundu la PCV (vali ya kupumulisha injini).

Sasa mlio wake ni tak-tak-tak, hautofautiani na wa supape iliyolegea. Makanika anasikia hivyo, anakaza nati. Nati inashuka, mlio unakwisha, mwenye gari anafurahi, franga zinalipwa. Lakini nati ya inchi 3/8 inashuka kama milimita 1 kwa kila mzunguko, na kwa roka ya 1.6 upande wa fimbo ya kusukuma unashuka karibu milimita 1.7. Kaza «kidogo» mara mbili tatu, na kile kipistoni cha ndani ya tapeti (kikombe cha chini ya fimbo, kinachojirekebisha kwa mafuta) kimefika chini kabisa. Tapeti haina tena nafasi ya kujirekebisha, na supape haikai sawasawa kwenye kiti chake. Ya moshi ndiyo inatangulia kufa, maana sehemu kubwa ya joto lake hutoka kwa kugusa kiti. Inaungua ukingo, kompresheni ya silinda hiyo inaanguka, na sasa unavua kulase (kichwa cha injini) nzima. Yote kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwa kulegea hata kidogo: ni kava tu ilikuwa inaguswa.

Usipokaza, ukaamua kuvumilia mlio? Basi aluminiamu inanyolewa polepole, vumbi lake linateremka na mafuta hadi karteri (bakuli la mafuta chini ya injini). Chujio la mafuta liko baada ya pampu, kwa hiyo gia za pampu ndizo zinalila kwanza. Na usitegemee sumaku ya bolti ya vidanji (ya kumwagia mafuta) ikuonyeshe, sumaku haishiki aluminiamu. Utafika Likasi vizuri. Kurudi ndiyo sijui.

Kwa hiyo: nati inawekwa kwa kipimo cha tapeti peke yake. Haiwekwi kwa kusikiliza mlio, wala kwa kuitafutia kava nafasi. Nafasi inatafutwa kwenye kava.

Rekebisha nati kwanza, ukizungusha kranki (shafti kuu ya injini) kwa mkono. Supape ya moshi ikianza kufunguka, rekebisha nati ya ile ya hewa ya silinda hiyohiyo. Ya hewa ikikaribia kumaliza kufunga, rekebisha nati ya moshi. Pandisha na shusha fimbo kwa vidole viwili huku unashusha nati, mpaka mchezo wa juu na chini uishe. Usipime kwa kuizungusha fimbo, tapeti laini itakudanganya. Hapo ongeza nusu mzunguko, kaza kiskrubu cha aleni, kisha vuta nati na aleni pamoja kidogo ili vibanane. Kama vichwa vya stadi havikuchongwa bapa, kiskrubu hakitashika na nati italegea yenyewe. Hilo muuzaji hakukuambia pia, nadhani.

Baada ya hapo nunua plastisini ya watoto wa shule. Bandika vipande vya unene wa milimita 6 hivi kwenye dari ya kava juu ya kila nati, kwenye vile vibati na kwenye bati la kukinga. Paka roka mafuta zisinate. Weka gasketi ileile utakayotumia, funga kava kwa bolti zake zote, toa plagi, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Mizunguko miwili ili kila supape ifunguke, kwa sababu upande wa fimbo unapanda juu wakati supape inafunguka. Ukipima injini imesimama umepima nusu ya kazi. Fungua, kata plastisini kwa wembe, pima pale palipo pembamba. Chini ya milimita 2 mimi sifungi. Mtasema ninaogopa kava ya bati. Ndiyo, naiogopa, ni ya bei nafuu kuliko kulase. Na acha zaidi upande wa fimbo, kwa sababu tapeti isiyo na shinikizo la mafuta inabonyea na roka haipandi mpaka mwisho wake.

Ikikosa nafasi, tumia gasketi moja nene ya milimita 8, usipange mbili za kizibo, zinateleza na kumwaga mafuta juu ya bomba la moshi. Au nunua kava ndefu, ila angalia kwanza kama itapita kando ya buusta ya breki. Vibati vya kudondoshea unaweza kuvikata, kava ikiwa mezani na ikioshwa vizuri. Bati la chini ya PCV usiliguse, ukiliondoa injini inanyonya mafuta na kutoa moshi wa buluu. Na kama hizo roka bado zinarudishika, badilisha uchukue zile za bati zenye rola ya nchani tu. Nyingi zinaenea chini ya kava ya kiwandani bila vita.

Ah, na 1.6 inasogeza fimbo karibu na stadi. Chungulia na tochi kama fimbo haisugui tundu lake kwenye kulase.

Jumamosi, kabla ya kuwasha, tuma hapa picha ya kava ikiwa imepinduliwa na plastisini yake. Za pande zote mbili, maana kulia na kushoto hazifanani.