Kabla ya bei ya chumba, tafuta tarehe ya kughairi

Ndugu na marafiki wakishapata hoteli mtandaoni hunitumia kiungo na swali moja: "Hii bei ni nzuri?" Nami huwauliza: ukighairi, hela yako inakuwa yao kuanzia lini? Nimewasaidia watu kubuku vyumba Unguja, Dubai na Ulaya, na wengi niliowaona wakilia hasara hawakuumizwa na bei. Waliumizwa na mistari miwili iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini yake.

Mstari mmoja unahusu kughairi, mwingine unahusu malipo, na kila mmoja una mambo yake. "Hakuna malipo ya awali" haimaanishi kwamba unaweza kughairi bure. Maana yake ni kwamba leo hukatwi kitu. Namba za kadi yako wanazo, na tarehe ya mwisho ikishapita wanaweza kukata hela ya usiku wa kwanza, au ya siku zote, kulingana na masharti uliyoyakubali ulipobonyeza. Kuna pia chumba unacholipia chote leo na bado ukaruhusiwa kughairi. Hicho si kibaya, ila jua hela hairudi siku hiyohiyo, na kama ilitoka kwenye akaunti ya shilingi ikabadilishwa kuwa dola, ikirudi huenda isifike ile ile.

Halafu angalia saa. Ukiona "ghairi bure hadi tarehe 14, 23:59", hiyo kwa kawaida ni saa ya mji wenye hoteli. Dubai na Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo aliyeko Dar es Salaam au Mombasa anafungiwa mlango saa tano usiku, wakati yeye anadhani bado ana saa nzima. Mimi huweka kengele kwenye simu siku mbili kabla, nikaachana na habari ya kuhesabu dakika.

Kwenye safari ya viza ndipo nisipokubali mjadala. Anayeomba viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, hutakiwa kuonyesha atalala wapi kabla hajajua kama atapewa. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu lifike siku 45. Ada ya euro 90 hairudi hata ukinyimwa, na hiyo peke yake inauma vya kutosha. Chumba kisichorudisha hela hapo sikichukui hata kiwe nusu bei. Mdogo wangu alipoomba ya Ufaransa tulimchagulia hoteli ya Paris inayoruhusu kughairi hadi siku mbili kabla ya kufika. Pasipoti ilichelewa kurudi, safari ikasogezwa, akaghairi kwa simu akiwa kwenye daladala, na hakukatwa hata senti. Ila usighairi wakati ombi lako bado liko mezani, maana ubalozi unaweza kuiulizia hoteli.

Wafanyabiashara wanaokwenda Deira, mtaa wa masoko wa Dubai, kuchukua mzigo, hili ni lenu zaidi. Hoteli nyingi za Dubai huzuia kiasi fulani cha dhamana kwenye kadi unapofika, nje ya bei ya chumba. Kadi zetu nyingi hutoa hela moja kwa moja kwenye akaunti, kwa hiyo kilichozuiwa ni mtaji wako halisi, na huachiwa siku kadhaa baada ya kuondoka. Kuna pia kodi ya utalii ya dirham 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku, kutegemea daraja la hoteli, ambayo mara nyingi hulipwa mapokezi. Hela ya mzigo iwe akaunti nyingine.

Nyumba za wageni za kwetu huku, mambo yote huishia WhatsApp, na kianzio kinatumwa kwa simu. Sina shaka nazo, nyingine zinanipokea vizuri kuliko hoteli kubwa. Ila situmi kianzio kabla sijaandika hivi: "Dada, nikiahirisha wiki moja kabla, mtanirudishia au mtanisogezea tarehe?" Mwenye nyumba mmoja wa Paje alinijibu, "Hela haturudishi kaka, lakini tarehe tunasogeza ndani ya miezi sita." Jibu safi kabisa. Nikalihifadhi pamoja na ujumbe wa muamala, ndipo nikatuma.

Ukichelewa, kwa mfano boti ya Unguja imeahirishwa kwa upepo, wapigie na uwaandikie kabla usiku haujaingia. Usipotokea usiku wa kwanza bila taarifa, hoteli inaweza kufuta na siku zilizobaki.

Na kama tayari umeshikwa na chumba kisichorudisha hela, usinyamaze ukaiacha ipotee. Iandikie hoteli mapema, taja namba ya nafasi yako, na usianze kwa kudai hela. Omba kusogezewa tarehe, au kumpa mtu mwingine chumba hicho kwa jina lake. Wakikubali, waambie wabadilishe kwenye mtandao uleule uliowekea nafasi, ili mapokezi wakifungua kompyuta walikute jina sahihi na tarehe mpya.