Tuzo? Subirini kwanza mvua ipite

Mbukwenyi wahariri. Swali lenu la wiki hii ni kama Jiji la Dodoma lianzishe tuzo ya kila mwaka kwa miradi bora ya ujenzi na vikosi vilivyoijenga, na mradi upi uanze kupewa. Jibu langu ni hapana. Mimi ni mama lishe, na vikosi mnavyoviulizia ndivyo ninavyovilisha, kwa hiyo mnivumilie nieleze.

Sherehe tunazo za kutosha. Mwenge wa Uhuru hupita kila mwaka, unaweka jiwe la msingi hapa, unazindua mradi pale, risala inasomwa juani mpaka watoto wa shule wanayumba. Mei Mosi kuna wafanyakazi hodari na bahasha zao. Majina nayo hatukukosa: mji wa serikali kule Mtumba una jina la hayati Rais Magufuli, soko la Nanenane lina jina la spika wa zamani, Job Ndugai. Sina ugomvi na hilo. Ila kijana aliyepandisha zege kwa ndoo, jina lake utalikuta kwenye daftari la madeni la mama lishe fulani, basi.

Mradi upi? Hapo mniwie radhi. Barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilometa 112.3, waulizeni wenye magari. Treni ya SGR nimeipanda kwenda Dar na nimeipenda kama kila mtu. Kazi kubwa kama hizo zinajisemea zenyewe. Mimi nina habari ya kalavati, kijidaraja cha zege cha kupitishia maji chini ya njia.

Lilijengwa mtaani kwetu, upande wa Kizota, miaka michache baada ya Dodoma kuwa jiji mwaka 2018. Palikuwa na korongo linalokata njia, na banda langu lilikuwa pembeni, chini ya mwarobaini. Kikosi kilikuwa cha vibarua wachache na fomeni wao, mzee mmoja wa Kondoa, mpole, asiyekula kabla vijana wake hawajala. Walimwita Babu Magunia.

Zege la juu lilimwagwa mwishoni mwa Oktoba. Mnaijua Oktoba yetu, jua la utosini na upepo wa vumbi mchana kutwa. Kesho yake nikamwona mzee anatafuta magunia ya katani. Mawili aliyachukua kwangu, yalikuwa ya maharage. Akayalowanisha, akalifunika zege lote, na tangu hapo ikawa asubuhi wanamwagilia, mchana wanamwagilia, jioni wanamwagilia, hata Jumapili. Boza la maji likaacha kuja, nasikia mwenye boza hakulipwa. Vijana wakaanza kubeba madumu kutoka kioski cha maji.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, zege si umeshamwaga? Si uliache likauke?"

"Mama, zege haliivi kwa kukauka. Wewe wali ukiisha maji kabla haujaiva, utawapa watu?"

Akanieleza kwamba saruji inashikana kwa maji yaliyo ndani yake, na upepo huu wa Dodoma huyanyonya kwa juu, zege likapasuka kabla halijapata nguvu. Angalau siku 7 lisikae kavu, na nguvu yake yenyewe hupimwa siku ya 28. Kando ya saiti kulikuwa na pipa la maji, ndani yake vibonge vya mraba vya zege lilelile, vinasubiri kupelekwa maabara vikavunjwe. Kumbe ndivyo zege linavyofanyiwa mtihani.

Siku ya nne ikaja taarifa ya ugeni. Wa ngazi gani sitasema. Msimamizi wa kampuni akafika na pikapu, akaamuru magunia yaondolewe, yanatia aibu, na kingo zipakwe chokaa. Mzee akajibu kwamba chokaa itapakwa, magunia hayatoki. Wakavutana pale mbele ya sufuria zangu.

"Unajua nani anakuja?"

"Najua, bosi. Atakaa hapa robo saa."

Hakupaza sauti. Mwisho wakakubaliana litandikwe turubai jipya la bluu juu ya magunia, mambo yakaonekana nadhifu.

Ugeni ulipowasili yakateremshwa maboksi ya vizibao vya kung'aa na kofia ngumu, vyote vipya, vinanukia plastiki. Nikasema moyoni, afadhali, vijana wamekumbukwa. Wakavaa wageni! Vijana wangu na kandambili zao wakaambiwa wavuke ng'ambo ya korongo wasiharibu picha. Picha zikapigwa, mkandarasi akapongezwa kwa kasi ya kazi, vizibao vikarudi boksini kwa kuhesabiwa. Wiki hiyo hiyo malipo ya vibarua yalichelewa. Nina ushahidi, daftari langu lilijaa.

Kisha kikosi cha mzee kikaondolewa kabla ya kujaza kifusi pembeni ya kalavati. Kazi hiyo wakapewa wengine. Mzee alikuwa ameshanifundisha kwamba kifusi hushindiliwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka kwa maji yake. Hawa walimwaga kwa mkupuo, lori baada ya lori, rola likapita juu, wakaenda zao. Utepe ukakatwa.

Januari mvua ikashuka usiku. Kulipokucha korongo lilikuwa limekula njia pande zote mbili, na kalavati limesimama katikati peke yake, zima, halina hata ufa, halikupeleki popote. Watu walilitukana hilo! Bodaboda wakawa wanapita chini yake na kulitemea mate. Nilitamani kuwaambia kwamba wanachokitemea mate ndicho pekee kilichojengwa pale.

Sasa kamati yenu ya tuzo ingempa nani? Mradi ulifeli, na ndani ya mradi uliofeli kuna kikosi kilichofanya kazi safi kuliko nyingi nilizoziona. Mradi una bango, una mkandarasi, una mhandisi mshauri na gharama. Kikosi hakina mstari wake kwenye bango.

Halafu mngempa lini? Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Korongo ambalo watoto wanachezea mpira Agosti linabeba pikipiki Januari; watu wa Nkuhungu hawahitaji kuelezwa. Mikataba ya ujenzi yenyewe ina kipindi cha matazamio, cha kungoja kasoro zijitokeze mkandarasi azirekebishe, mara nyingi mwaka mmoja, na sehemu ya fedha za mkandarasi huzuiwa mpaka kiishe. Kama mkataba haumwamini mtu siku ya utepe, tuzo imwamini kwa lipi?

Lakini naona kadri ninavyoandika, hapana yangu inalegea. Kinachoilegeza ni huyo mzee. Baadaye alikwenda kuomba kazi kwenye saiti kubwa, wakamtaka cheti, hana. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, akifaulu anapata cheti. Nilipomwambia, akaniuliza nani atamshuhudia, maana aliowajengea hata jina lake hawalijui. Karatasi moja ya Jiji yenye muhuri, iliyoandika fulani bin fulani alisimamia zege la mahali fulani na bado limesimama, ingemfaa kuliko bahasha.

Kwa hiyo sawa, toeni. Ila itoke baada ya misimu miwili ya mvua, na iende kwa watu kwa majina yao, kibarua na fomeni, siyo kampuni. Wazibuaji wa mitaro nao wahesabiwe, maana mtaro mzuri usiozibuliwa ni dimbwi la mbu. Tena msiseme miradi ya Jiji peke yake: barabara za mitaa ziko TARURA tangu 2017, barabara kuu ni za TANROADS, mabomba ni ya DUWASA, na kibarua huwa hajui leo anamchimbia nani. Vizibao wavae wao siku hiyo, na wabaki navyo.

Hata hivyo siweki dhamana. Kamati ikishakuwepo itataka posho, itataka semina, na mwaka wa tatu mshindi atakuwa shemeji wa mtu. Wakaguzi wawe wakazi wa mtaa husika, wanaopita pale kila siku. Hilo litapunguza, sijasema litamaliza.

Mkinitaka nipendekeze jina, ninalo, na kalavati lake lipo, barabara imeshatengenezwa upya na magari yanapita juu. Ila andikeni pembeni kwamba shahidi ana maslahi. Mzee huyo alilipa deni lote la vijana wake kabla hajaondoka, hata la yule aliyetoroka, lakini magunia yangu mawili mpaka leo namdai.

Mama lishe, Kizota, Dodoma