Kwa mwanangu, kuhusu posho na kitanda cha mjomba

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata jana jioni, na bajeti uliyoipiga picha nimeiona. Unasema kampuni inakutuma Dodoma wiki ijayo, safari yako ya kwanza ya kikazi tangu uajiriwe: siku tatu za mafunzo kwa wauzaji wa pembejeo, zikitanguliwa na kupeleka barua wizarani Mtumba. Swali lako ni moja tu: ulale hotelini, au ulale kwa mjomba wako Nkuhungu ubakize posho ya kununulia kompyuta mpakato.

La kitanda nitalifikia. Kwanza kuna jambo hukuniambia. Umeandika "nimepewa milioni mbili na elfu thelathini", basi. Baba yako amesoma akacheka, akasema umemwandikia mtu asiye sahihi, maana mimi nikisikia kiasi nauliza jina lake. Fedha hizo zinaitwaje? Zipi ni zako na zipi umebebeshwa?

Nimezigawa mwenyewe. Posho ya kujikimu 120,000 kwa malazi ya siku nne ni 480,000. Zinazobaki, 1,550,000, ni masurufu: ukumbi siku tatu kwa 150,000, hapo 450,000, chai na chakula cha mchana watu 20 kwa 12,000 kila siku, 720,000, nauli za washiriki 5,000 kwa siku, 300,000, kuchapa vitini 80,000. Posho unapewa kwa sababu uko mbali na nyumbani kwako, na kwa kawaida huulizwi umekula nini. Unaulizwa ushahidi kwamba ulisafiri na ukakaa. Masurufu ni fedha ya ofisi iliyolala mfukoni mwako. Kila shilingi yake inarudi ama kama karatasi ama kama fedha. Na wamekutumia vyote viwili kwa mkupuo mmoja kwenye laini yako ya kila siku, ile unayonunulia umeme wa LUKU na kulipia msusi!

Kwa hiyo leo hii, kabla ya kupanga nguo, hamisha zile 480,000 ziende akaunti yako ya benki. Zile 1,550,000 ziache peke yake kwenye laini ile, usichote hata ya vocha, na matumizi yako mengine yafanye kwa laini nyingine mpaka urudi. Ukirudi utaomba taarifa ya miamala, na ikiwa safi utaiambatisha kama ilivyo. Ikichanganyika utakaa na mhasibu wenu mstari kwa mstari ukieleza ni kwa nini elfu kumi na tano ilikwenda kwa muuza nywele. Jambo lingine, wenzako mnaosafiri nao wakijua nani kabeba masurufu, mmoja atakuja: "Niazime hamsini, tukifika Dodoma nakurudishia." Usimpe. Kama roho inakuuma, mpe kwenye posho yako, hiyo hutaulizwa.

Fedha ya ofisi husemewa na karatasi. Nimelisema hilo mezani kwetu mpaka kaka yako akawa ananiigiza, na bado nalisema.

Sasa risiti. Mwenye ukumbi umwambie kabla hajabonyeza EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kwamba risiti iandikwe jina la kampuni na TIN, namba ya mlipakodi, ya kampuni. Ikishachapwa bila TIN atakwambia haiwezekani tena, au atakuzungusha mpaka treni ikuache. Soma tarehe, soma kiasi, palepale. Mama wa chakula huenda hana mashine, maana wafanyabiashara wadogo hawalazimiki kuwa nayo. Basi usisubiri mpaka siku ya kurejesha ndipo ujue kama ofisi yenu inakubali risiti ya mkono. Muulize mhasibu sasa, kwa maandishi, na akikubali hakikisha risiti hiyo ina jina, simu, sahihi na muhuri kama anao. Kwa sh 720,000 mimi ningetafuta mwenye mashine.

Kisha piga picha kila risiti siku ileile, uitoe na kopi. Nakuomba hili kuliko yote. Unamkumbuka dereva wetu yule mrefu, aliyekuwa akikuletea ubuyu ukipita ofisini baada ya shule? Alitumwa Singida na Land Cruiser ya dizeli, kwenda, kurudi na mizunguko ya vijijini. Alijaza mafuta mara tatu, akadai risiti tatu kama matangazo yanavyosema, akazibana kwa kibanio juu ya dashibodi, mbele ya kioo, ili zisipotee. Karatasi za mashine zile hazina wino. Zina dawa inayogeuka nyeusi inapopata joto la kichwa cha mashine, na jua likizipiga siku kadhaa maandishi yanafifia. Alipozileta mezani vilikuwa vipande vitatu vyeupe. Kimoja tu ukikiinamisha kwenye mwanga wa dirisha uliona kivuli cha tarakimu mbili.

Logibuku yake, kile kitabu cha safari za gari, ilikuwa safi: kilomita za kuondokea, kilomita za kurudia, lita kila alipojaza. Gari lile lilikwenda kilomita nane kwa lita, na mafuta yalilingana na barabara aliyopita. Hakuna aliyekuwa mle ofisini asiyejua kwamba dizeli iliingia kwenye tangi. Mkubwa wa wakati ule akasema logibuku ni mwandiko wa dereva mwenyewe, risiti hazisomeki, akatwe. Akakatwa mshahara miezi mitatu, na watoto wake walikuwa wa umri wenu.

Unajua, nikikaa najibishana mwenyewe. Ukikubali logibuku bila risiti leo, kesho una madereva wanaoandika lita ambazo tangi halikuziona, na wa namna hiyo wapo. Mkaguzi hawezi kupima uso wa mtu. Kwa hiyo sheria ilikuwa sawa. Lakini vituo vile vya mafuta vilijulikana kwa majina, barua moja ya kuomba nakala ingetosha, na hakuna aliyetaka kuiandika kwa ajili ya dereva. Angekuwa mkuu wa idara ingeandikwa asubuhi yake. Hapo ndipo ninapochomeka, na mpaka leo nikiona risiti juu ya dashibodi ya gari la mtu natamani kumgongea kioo. Yeye baada ya hapo kila safari alikuja na bahasha, risiti juu, kopi chini, namba ya gari imeandikwa kwa kalamu nyuma. Nyinyi mna simu. Chini ya risiti kuna namba ya uhakiki na ule mraba wa kuskani. Picha ikizionyesha hizo, risiti inatafutika kwenye mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato, hata karatasi ikigeuka tambi.

Nauli za washiriki nazo zina mtego wake. Andaa orodha ya kila siku, si moja ya siku tatu: jina kamili, duka, simu, kiasi, sahihi. Ukiwalipa kwa simu, watu wengi wanatumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mke, mtoto au mdogo wao. Jina litakalotokea kwenye taarifa ya miamala halitafanana na la kwenye orodha, na mkaguzi atauliza huyu Zaituni ni nani wakati aliyesaini ni Zakayo. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama ni jingine, liandike kando ya sahihi yake hapohapo. Na lazima mmoja aseme, "Na ya kutolea je?" Bajeti yenu haina ya kutolea. Wala haina makato ya kutuma. Watu 20 mara siku tatu ni miamala 60, nayo si bure. Omba kibali cha makato hayo kabla hujaondoka. Ujumbe wa maandishi wa bosi wako unatosha. Ukiomba baada ya kurudi itaonekana umetumia kisha unatafuta pa kuegemea. Ama sivyo lipa fedha taslimu, lakini utembee na laki tatu kwenye pochi katika mji usiouzoea, sipendi.

Barua ya wizarani: beba nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanaigonga muhuri wa kupokea na kuandika tarehe, hiyo ndiyo inayorudi na wewe. Saini kitabu cha wageni. Tiketi ya treni usiifute kwenye simu, na kitambulisho ulichokatia tiketi ndicho usafiri nacho. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari kutoka Dar ni saa nne hivi, mtu anaweza kwenda asubuhi na usiku akalala kwake Mbagala. Wahasibu wanalijua hilo. Wataangalia tarehe ya tiketi ya kurudi, wahesabu siku za kulala. Mafunzo yakiisha mapema ukarudi siku moja kabla, 120,000 ya siku hiyo unairudisha, usingoje kuulizwa.

Bakaa ya masurufu irudishe kwa kuweka benki kwenye akaunti ya kampuni, uchukue hati ya benki. Usimpe mtu mkononi, wala usimtumie bosi kwenye simu yake hata akikwambia ndivyo wanavyofanya siku zote. Kwetu muda wa kurejesha masurufu ulikuwa siku 14 tangu kurudi. Wa kwenu ulizia. Ofisi nyingi hazitoi masurufu mapya kwa mwenye ya zamani mkononi, nawe ndiyo kwanza unaanza. Fedha ya ofisi husemewa na karatasi, hata kama bosi ni mwema.

Haya, kitanda. Kama kampuni ingesema italipa hoteli yenyewe, au utarudishiwa ulicholipa kwa risiti, kulala kwa mjomba kusingekubakizia kitu. Kama ni posho ya jumla, unapewa 120,000 ulale popote, basi kwa mjomba si wizi. Wengi wanafanya hivyo na wameinua nyumba. Ila baadhi ya ofisi hutoa posho pungufu kwa asiyelipia malazi, na zinataka risiti ya hoteli kama ushahidi. Hapo usije ukamwomba mwenye gesti akuandikie risiti ya chumba ambacho hukulala. Wanaziuza, nakwambia ili ujue kwamba najua.

Na piga hesabu ya mjomba pia. Huendi mikono mitupu: mchele, sukari, kitu cha bibi yako. Watoto watatu wa pale wanajua dada katoka Dar na kapata kazi. Nkuhungu na Mtumba ni pande mbili tofauti za mji, na Mtumba peke yake iko nje kabisa, barabara ya Dar. Bodaboda na upepo wa Dodoma wa Julai, ufike wizarani na blauzi nyeupe yenye rangi ya barabara. Usiku kuna baridi, chukua sweta. Na jioni utataka kupanga orodha na risiti mezani kwa utulivu, wakati mjomba wako anataka kukusimulia habari za shamba la zabibu mpaka saa sita.

Upande mwingine, msichana peke yake gesti asiyoijua, mlango wenye kitasa kimoja. Na mjomba wako akisikia ulikuwa Dodoma siku nne ukalala hotelini, nitasikia mimi, si wewe. Unaona ninavyohangaika? Nina jibu langu, liko hapa mdomoni, lakini nikilitoa sasa utalifuata bila kumuuliza mhasibu wenu, nakujua tangu ukiwa darasa la pili.

Kwa hiyo muulize kesho asubuhi: posho hii ni ya jumla au ya malazi yenye risiti? Akujibu kwa maandishi, unitumie. Fanya haraka kidogo, maana mjomba wako ameshanipigia anauliza unafika na treni ya saa ngapi.

Mama yako