Maswali na Majibu: Barua za Kuruta kwa Shule Yao

Mhariri, katika kabati la ofisi ya zamani tumepata bunda la barua ambazo wanafunzi walioacha madarasa na kuingia jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia waliwaandikia walimu na wenzao. Zimefungwa kwa kamba, nyingi ni za penseli, na nyingine zina pini zenye kutu. Wanafunzi wangu wanataka kuzipiga pasi na kuzileminati kwa maonyesho ya shule. Tuanze wapi? — *Mlezi wa chama cha historia, Kikuyu*

Mwalimu, ficha pasi, na mashine ya kuleminati ifungie stoo. Ule moto huyeyusha gundi ya plastiki ikaingia ndani ya karatasi, na hakuna atakayeweza kuitoa tena. Selotepu nayo ni hivyo hivyo, ila yenyewe huua polepole: inageuka manjano, plastiki inabanduka, gundi inabaki. Kwa maonyesho, tundikeni nakala.

Kabla ya kufungua kamba, pigeni picha bunda lilivyo, pande zote. Mpangilio ni ushahidi. Barua isiyo na tarehe iliyolala kati ya mbili zenye tarehe huenda ilipokelewa kati ya hizo mbili, na mkishazichanganya habari hiyo imepotea. Halafu kila barua ipewe namba kwa penseli laini ya 2B, nyuma, kwenye kona, karatasi ikiwa imelala mezani na mkono ukiwa mwepesi. Bahasha na barua yake zishirikiane namba: 7a, 7b. Mikono ioshwe na kukaushwa kabisa. Glavu za pamba hazifai kwa karatasi, kwa sababu vidole havihisi kitu na nyuzi zinanasa kwenye kingo zilizochanika.

Pini yenye kutu haivutwi. Kateni vipande viwili vya plastiki nyembamba kutoka faili la uwazi, mkipitishe kimoja kati ya pini na karatasi upande wa juu na kingine upande wa chini, ndipo muichomoe taratibu. Ikigoma, iacheni. Shimo la kutu ni afadhali kuliko mpasuko.

Sasa penseli, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakati wa vita ilitumika sana penseli ya wino, ile ambayo ikiwa kavu huonekana kijivu kama penseli yoyote, lakini ikipata unyevu hugeuka zambarau na kuenea. Chukueni kioo cha kukuzia na muinamishe karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Penseli ya kawaida hung'aa kama risasi. Ya wino haing'ai hivyo, na mara nyingi mtaona vitone vya zambarau mahali lilipodondoka jasho au tone la mvua. Barua ya aina hiyo isikaribie mvuke hata kidogo. Ifunguliwe ikiwa kavu, mkunjo mmoja mmoja, na ikikataa ibaki ilivyo.

Zile za penseli ya kawaida zilizokakamaa zinaweza kulainishwa. Tafuteni beseni la plastiki lenye kifuniko. Chini wekeni taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, juu yake wavu wa kuanikia keki, kisha barua juu ya wavu bila kugusa maji. Funikeni, mkague kila nusu saa. Kwa kawaida saa mbili hadi nne zinatosha. Karatasi ikilegea, ifungueni, muilaze kati ya karatasi nyeupe mbili za kunyonya maji, juu yake kipande cha mbao na vitabu viwili vitatu hadi kesho yake. Ikiwa kuna ukungu, hatua hii msiifanye kabisa: tieni barua hiyo kwenye mfuko peke yake na kuitenga na nyingine.

Mifuko ya kuhifadhia iwe ya plastiki aina ya poliesta au polipropilini. Ile laini yenye harufu kali ya raba mpya ni ya plastiki iitwayo PVC, na inakula maandishi. Hali ya hewa ya Nairobi si adui mkubwa, isipokuwa unyevu wa masika na mende. Sanduku likae angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta unaopigwa na mvua. Mkiona wadudu, fungeni barua ndani ya mfuko usiopitisha hewa na muutie kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Mkiutoa, msiufungue mpaka saa 24 zipite, la sivyo maji yatajitengeneza juu ya karatasi, na zile za penseli ya wino mmeziaga.

Nina barua ya babu yangu aliyoiandikia shule akiwa kuruta. Vipande vimekatwa kwa wembe, na badala ya jina la mahali kuna "E.A. A.P.O." na namba tu. Hasemi lolote baya kuhusu jeshi. Alikuwa akiogopa nini? — *Msomaji, Kariokor*

E.A. A.P.O. ni posta ya jeshi la Afrika Mashariki. Namba ilisimama badala ya mahali, kwa sababu barua ikinaswa isimwambie adui kikosi kiko wapi. Askari hakuruhusiwa kuandika jina la kambi, kikosi kinaelekea wapi, meli, silaha wala idadi ya watu. Yakijitokeza, mkaguzi wa barua aliyafuta kwa wino au kuyakata.

Ukitazama tundu, kumbuka wembe hukata pande mbili. Mkaguzi alilenga neno moja upande mmoja, na lililokuwa nyuma yake likaenda bila kosa. Weka karatasi dhidi ya dirisha uone kingo za tundu zinafuata mistari ya upande upi. Upande ambao mkato umelala sawa na mstari ndio uliokuwa na hatia. Ule ambao mkato umepita katikati ya maneno hovyo hovyo ni majeruhi tu. Watu wamejenga nadharia nzima juu ya upande usiohusika!

Kuhusu woga: barua za kawaida zilisomwa na ofisa wa kikosi hicho hicho. Kuruta aliyekuwa na kinyongo na chakula, kwata au sajini wake alijua lalamiko litapita mikononi mwa bwana yule yule atakayemwona paredini kesho asubuhi. Kwa hiyo lalamiko huvaa nguo ya mzaha, au hugeuka salamu ndefu zisizo na habari. Kulikuwapo pia bahasha ya kijani, ambayo haikusomwa kikosini ingawa ingeweza kufunguliwa mbele ya safari, na mwandishi alitia sahihi kwamba ndani mna mambo yake binafsi na ya familia tu. Kama babu alikuwa na bahasha hiyo, soma barua zake upya ukilinganisha: humo ulimi huwa mwepesi zaidi.

Lugha nayo izingatie. Barua ya Kiingereza au Kiswahili ilipata mkaguzi upesi. Ya lugha ya nyumbani ilihitaji mtu anayeijua.

Barua haina mwaka. Imeandikwa tu "Jumapili, tarehe 12 Machi". Kuna njia? — *Mwanafunzi, Eastleigh*

Ipo, na ni rahisi. Kati ya Septemba 1939, vita vilipoanza, na mwisho wake 1945, tarehe 12 Machi iliangukia Jumapili mwaka 1944 peke yake. Fungua kalenda ya zamani ujihakikishie mwenyewe. Penye siku ya wiki na tarehe pamoja, miaka inayowezekana hubaki mmoja au miwili.

Stempu husaidia kiasi. Zile za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye sura ya Mfalme George wa Sita zilianza 1938. Lakini barua nyingi za askari hazina stempu, zina herufi O.A.S. tu, yaani mwandishi yuko vitani na posta ni bure. Ukikuta kijikaratasi cha picha chenye ukubwa wa kiganja, mwandiko ukiwa mdogo mno, hiyo ni "airgraph": barua ilipigwa picha kwenye filamu, filamu ikasafirishwa kwa ndege, ikachapishwa ilikofika. Huduma hiyo ilikuwapo kuanzia 1941 hadi 1945.

Soma pia wanachojifunza. Vijana wa shule walitafutwa kwa ukarani, udereva, uuguzi na kazi ya mawasiliano ya simu. Anayelalamika kuhusu nukta na mistari anasomea alfabeti ya Morse, ya kutumia ujumbe kwa mlio mfupi na mrefu.

Barua za mmoja wao, aliyekuwa kikosi cha mizinga, zinakatika Januari 1944. Alikufa? — *Mzazi, Dagoretti*

Usiamue kwa kimya peke yake. Watu walihamishwa, na shule zilipoteza barua. Hata hivyo, kwa wanamizinga tarehe hizo zinatia wasiwasi. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Seiloni (Sri Lanka ya leo) ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Tafuta bure kwenye orodha ya mtandaoni ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi na majina ya askari wa Jumuiya ya Madola waliokufa vitani. Tumia namba ya jeshi kwanza, ndipo jina. Makarani waliandika majina jinsi walivyoyasikia, kwa hiyo jaribu r badala ya l, b badala ya v, na jina la baba likiwa la mwisho au likiachwa. Kisha nenda makaburi ya vita ya Ngong Road ukasome mnara wa East Africa Memorial, wenye majina ya wasio na makaburi, wakiwemo wa meli hiyo. Asipopatikana huko, uwezekano wa kwamba alirudi ni mkubwa, na hapo faili za wilaya katika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, ndizo za kufuata.

Tunaruhusiwa kuzichapisha katika jarida la shule? — *Mlezi yule yule, Kikuyu*

Karatasi ni mali ya shule, maneno ni ya aliyeandika. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, kwa hiyo tafuteni familia na mpate ruhusa kwa maandishi. Wakati mkiingoja, skanini kwa rangi, dpi 400 (nukta 400 kwa inchi), faili za TIFF (aina ya picha isiyopoteza ubora), pande zote mbili hata ulio mtupu. Penseli iliyofifia pigeni picha chumbani mkiwa mmezima taa, tochi ikimulika kutoka ubavuni, karibu sawa na meza.