Tuta Bado Lipo: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Reli za Matawi

Barua zenu za wiki hizi karibu zote ni za reli: Butere, Kitale, Nyahururu, hata Solai. Nimechagua chache. Walioandika matusi kuhusu kabila la aliyefunga stesheni fulani sitawajibu.

*Nimesikia tangu utotoni kwamba reli yetu ilikufa kwa sababu haikuwa na faida. Ni kweli? — Msomaji, Butere*

Hicho ndicho kisa tulichosimuliwa sote, nami sikikubali hata kidogo.

Tawi la kutoka Kisumu hadi Butere ni kilomita 69. Gunia likipakiwa Butere kwenda Mombasa litapita kilomita hizo 69, kisha zaidi ya 900 za njia kuu. Sasa fungua daftari la tawi. Utaona nauli ya kilomita 69, na chini yake gharama ya kila daraja, kila stesheni na kila mfanyakazi kati ya Kisumu na Butere. Pesa ya zile kilomita 900 imeandikwa kwenye daftari jingine, la njia kuu. Kwa hesabu ya namna hiyo hakuna kijito chenye maana, sifa zote ni za mto. Halafu vijito vikizibwa, watu wanashangaa mto unapungua.

Jambo la pili ni kwamba treni hizi hazikufa siku moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli nayo iligawanywa, na mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Reli la Kenya. Tangu hapo matawi yalinyimwa chakula polepole. Kokoto hazikuongezwa. Mataruma yaliyolika hayakubadilishwa. Njia ikiwa mbovu, dereva anaamriwa apunguze mwendo, na treni iliyokuwa ikifika asubuhi ikawa inafika saa sita, kisha saa tisa. Mama wa ndizi wa Luanda hawezi kungoja soko limpite, akahamia matatu. Ndipo mkubwa akaja na kalamu kuhesabu abiria, akaandika kwamba hawapo. Wangekuwepo vipi?

Nilizaliwa kwenye landi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, upande wa Elburgon. Baba alikuwa mtu wa genge, kikosi cha kutunza njia ya reli. Kila alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi, alitoka na spana begani na nyundo ya mpini mrefu mkononi, akatembea sehemu yake yote akigonga vishikio vya reli kimoja kimoja. Kilichokaza kilitoa mlio mwembamba, ting! Kilicholegea kililia kama sufuria yenye ufa. Siku za likizo nilimfuata nyuma, na baada ya muda nilikuwa nakitambua kibovu kabla yeye hajainama. Kisha genge likapunguzwa, likapunguzwa tena, na waliobaki wakapewa sehemu ndefu ambayo hakuna mwanadamu anayeweza kuimaliza kwa asubuhi moja. Na hiyo ilikuwa njia kuu. Fikiria basi hali ya Butere.

Kwa hiyo ukiambiwa "haikuwa na faida", uliza swali moja: hesabu ilifanywa mwaka gani, kabla ya kuacha kuitunza au baada?

*Treni ya Kisumu inaondoka Nairobi saa ngapi na nauli ni ngapi? — Wasomaji wengi*

Ulizeni stesheni. Mimi si karani wa tiketi, na ratiba inayobadilika sitaichapisha hapa mkakosa safari kwa ajili yangu. Ila mengi ya maswali haya yasingeletwa kwangu kama ratiba ingebandikwa ukutani kwenye kila stesheni na kufuatwa mwaka mzima.

*SGR, ile reli mpya, ikifika Kisumu, je, itafufua reli ya Kitale? Sisi wa Soy tujiandae? — Kijana, Soy*

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na kila mara linarudi kana kwamba sikusema kitu, kwa hiyo tafadhali lisome mara hii hadi mwisho.

Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000. SGR ni milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kukanyaga nyingine. Ndiyo maana tangu SGR ifike karibu na Suswa mwaka 2019 na kukomea hapo, mzigo wa kwenda mbele hauna budi kushushwa na kupakiwa upya. Tena, mpango wa kuipeleka Kisumu unapita Narok na Bomet. Haupiti Nakuru, haupiti Eldoret. Tawi la Kitale linachomoka Leseru, kwenye njia ya zamani inayotoka Nakuru kwenda Malaba. Soy na Moi's Bridge ziko kwenye tawi hilo.

Maana yake ni hii, na ningependa watu wa Nakuru nao waisikie: sisi wa Nakuru, Molo, Njoro, Rongai, Eldoret, Turbo, Webuye, Bungoma na Kitale hatuna reli nyingine inayotujia. Tuliyo nayo ni ile ya mita moja iliyojengwa kwa jembe na karai. Tukiiacha ife huku tumekodolea macho picha za SGR, tutabaki bila hii na bila ile.

*Kuna ploti zinauzwa kando ya reli karibu na kwetu, bei nzuri sana, na muuzaji ana barua ya chifu. Reli yenyewe imemea nyasi miaka mingi. Ninunue? — Mwalimu, Trans Nzoia*

Mwalimu wangu, usinunue. Barua ya chifu si hati miliki. Nyasi kumea juu ya reli hakuigeuzi hifadhi ya reli, ule ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya njia, kuwa shamba la mtu. Nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi, yaani upekuzi wa kumbukumbu za mwenye ardhi, na kama muuzaji anakuharakisha ulipe kabla ya sachi, umeshapata jibu lako.

Kumbuka Kibos, Februari 2021, wakati njia ya Kisumu ilipokuwa ikifufuliwa. Tingatinga ziliingia usiku, na nyumba za Wanubi zikabomolewa, familia ambazo zilikuwa pale kwa vizazi na zilizokuwa na madai yao halali ya kusikilizwa. Watoto walilala nje. Naandika hili kwa uchungu kwa sababu makosa yalikuwa ya miaka mingi: ardhi ya reli iliachwa bila kusemwa wazi ni ya nani na mpaka wake uko wapi, hadi siku ilipohitajika, na aliyelipia ni mnyonge. Wanaouza ploti hizo leo wanaandaa Kibos nyingine. Siku hiyo ikifika, muuzaji hatakuwepo.

*Nimefukua kipande cha reli shambani, kama mita mbili hivi. Naweza kukiuza kwa watu wa vyuma chakavu? — Rongai*

Hapana. Piga ripoti kituo cha polisi.

Na wanaonunua wajue kuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na kwamba Januari 2022 biashara nzima ilisimamishwa nchini kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa mali ya umma. Anayeng'oa kishikio kimoja anapata pesa ya mlo mmoja. Treni ikipita hapo usiku, dereva hana njia ya kujua.

*Barabara zipo, tena za lami. Kwa nini tuhangaike na treni ambazo Mzungu alizijenga kwa faida yake? — Mfanyabiashara, Molo*

Ni kweli walizijenga kwa faida yao. Matawi ya Kitale na Nyahururu yalifuata mashamba ya walowezi, na anayesoma historia anaona hilo wazi. Lakini mahindi ya Trans Nzoia leo ni ya nani? Walowezi waliondoka, reli ikabaki yetu. Barabara nazo hatukuzikataa kwa sababu ya aliyezichora.

Sasa tuje kwenye barabara zenyewe. Wewe uko Molo, kwa hiyo Salgaa na Sachangwan hazihitaji maelezo kwako. Januari 2009, tangi la mafuta lilipinduka Sachangwan, likalipuka, wakafa watu zaidi ya 100. Usiku wa kuamkia mkesha wa mwaka mpya wa 2018, pale Migaa, wakafa 36. Juni 30, 2023, trela lilikosa mwelekeo kwenye makutano ya Londiani, likawapitia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya 50 hawakurudi nyumbani. Na Londiani ina stesheni. Reli ilipita hapo kuelekea ziwani, ikafika Kisumu mwaka 1901, kabla yeyote kati yetu hajaota lori.

Sisemi treni ingeokoa kila mmoja wao. Nasema tulihamisha mizigo mizito kutoka kwenye njia yake tukaisukuma kwenye mteremko wa Mau pamoja na matatu, bodaboda na wanafunzi wanaotembea kwenda shule, kisha tunaita vifo hivyo ajali.

Chukua mfano mwepesi. Treni ndogo ya tawi yenye mabehewa 15, kila moja tani 30, imebeba tani 450. Kwa lori la tani 28 hizo ni zaidi ya safari 16. Wahandisi wa barabara nao wana kanuni wanayoitumia kukadiria: uzito kwenye ekseli ukiwa maradufu, barabara inaumia kama mara 16. Lami ya Molo unayoisifu inalipiwa kwa kodi yako kila inapokarabatiwa, lakini ukarabati huo hauandikwi wote kwenye hesabu ya lori. Wa tawi la reli uliandikwa hadi bolti ya mwisho, ndipo likahukumiwa kwamba ni hasara.

Wenye malori ni ndugu zetu na wana watoto wa kulisha. Kazi haitawaisha. Gunia lazima litoke shambani hadi stesheni, na stesheni hadi kinu. Ninachokataa ni lori kubeba mahindi ya Kitale hadi Mombasa sambamba na reli iliyomea nyasi.

*Mau Summit na Timboroa, ipi iko juu zaidi? Tumebishana sana. — Kikundi cha wazee, Njoro*

Timboroa, wazee wangu. Reli inapanda hapo hadi kama mita 2,780. Mau Summit ni mita 2,500 na kitu.

*Matawi yalifunguliwa miaka gani? — Mwanafunzi, Kisumu*

Kitale 1926, Nyahururu (wakati huo Thomson's Falls) 1929, Butere mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ziandike kwenye daftari, mwanangu.

*Si serikali iwape wawekezaji binafsi waendeshe matawi haya? — Mhasibu, Nakuru*

Tulijaribu. Mwishoni mwa 2006 reli ya zamani ilikabidhiwa Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Ulivunjwa mwaka 2017. Mwekezaji hufuata mzigo mrefu, wa Mombasa kwenda Uganda, na tawi la kilomita 69 halimkoseshi usingizi. Kama mkataba haumlazimishi kwa maandishi kuhudumia tawi, na kumtoza faini asipofanya, atalifunga kimyakimya. Wewe ni mhasibu, umeshaona hapo juu nilivyosema kuhusu madaftari mawili. Anzeni ninyi kudai yaunganishwe.

*Mimi ni mama tu wa kijijini, nauza mboga Yala. Kuna chochote ninachoweza kufanya, au reli ni mambo ya wakubwa? — Yala*

Mama, asante kwa barua hii. Kwanza ujue kwamba kilichofungwa kinaweza kufunguka. Kilomita 217 kati ya Nakuru na Kisumu zilikuwa zimekaa miaka bila treni ya abiria. Zikakarabatiwa, wanajeshi na vijana wa NYS (Huduma ya Vijana kwa Taifa) wakishiriki, na Desemba 2021 abiria wakashuka tena Kisumu. Iliwezekana kwa sababu tuta la reli lilikuwa bado lipo. Madaraja yalikuwepo. Hakuna aliyekuwa amejenga ghorofa katikati ya njia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kila mwanakijiji ni kuhakikisha tuta halichimbwi mchanga na mawe ya mpaka hayang'olewi.

Pili, msipeleke kilio kwa mlango usio wake. Wengi mnaniandikia kwamba mmemlilia MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti. Kwa Katiba ya 2010 reli ni kazi ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo wa kumfuata ni mbunge na seneta. MCA mfuateni kwa jambo jingine: kaunti ndiyo inayoidhinisha ramani za majengo, na vibanda vya kudumu vinavyopandishwa juu ya hifadhi ya reli vinapita mikononi mwake.

Tatu, pelekeni hesabu. Mikutano ya maoni ya umma kuhusu bajeti imejaa watu wanaosema "tunataka treni yetu". Hilo linaandikwa mstari mmoja na kusahauliwa. Semeni mboga ni magunia mangapi kwa wiki, yanatoka soko gani, yanafikishwa wapi, na matatu inawatoza kiasi gani kwa gunia.

Mkulima mmoja wa Moi's Bridge aliniletea juzi karatasi mbili alizochana kwenye daftari la mtoto wake wa shule. Ameandika magunia ya mahindi ya kila mwanachama wa kikundi chao, mwezi waliouza, na gharama ya lori hadi Eldoret. Mwandiko wake ni wa kalamu ya penseli na umefutwafutwa mahali pawili, pale alipokosea kujumlisha. Ziko hapa mezani kwangu. Nikipata za Yala, Luanda na Soy, nitazitia bahasha moja na kuzipeleka Nairobi mwenyewe.